Vivumishi vya sifa vya Kiingereza na makosa ya msemaji wa Kiswahili

Kivumishi cha sifa ni neno linaloeleza jinsi kitu kilivyo: ukubwa wake, umri, rangi, umbo au tabia. Kiingereza na Kiswahili zina maneno ya aina hii, ila kanuni zake hazifanani. Kijana wa Utange, eneo la Kisauni, Mombasa, aliyelelewa kwa Kiswahili au Kigiriama, huanza kujifunza Kiingereza akiwa na kanuni za lugha hizo kichwani. Hapo ndipo makosa huzuka.

Tofauti ya kwanza ni nafasi. Katika Kiswahili nomino hutangulia: “mnazi mrefu”. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia nomino: “tall tree”. Hata hivyo, huweza pia kufuata kitenzi kama “be” au “seem”, kwa mfano “The sea is calm”, yaani bahari ni shwari.

Ya pili ni upatanisho. Kiswahili husema “mnazi mrefu” na “minazi mirefu”. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kwa idadi: “tall tree”, “tall trees”. Kwa hiyo “talls trees” ni kosa. Msemaji wa Kiswahili asione ajabu, kwani naye anavyo vivumishi visivyobadilika, kama vile “safi”, “hodari” na “ghali”.

Vivumishi vikiandamana, Kiingereza hupenda mpangilio maalumu: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kisha malighafi. Nyumba ya mawe huelezwa hivi: “a beautiful big old white stone house”. Mpangilio huo ukivurugwa, maana hueleweka, lakini sentensi huchukiza masikioni.

Katika kulinganisha, Kiswahili hukiacha kivumishi kilivyo na kuongeza “kuliko” au “zaidi ya”. Kiingereza hubadilisha maneno mafupi: “tall”, “taller”, “tallest”. Marefu hutanguliwa na “more” au “most”, kama “more beautiful”. Machache hayafuati kanuni: “good”, “better”, “best”. Kusema “more better” ni kurudia jambo lile lile mara mbili.

Kosa lenye gharama kubwa zaidi hutokana na viambishi tamati “-ed” na “-ing”. Kiswahili hueleza hali nyingi kwa vitenzi, kama “nimechoka” na “inachosha”. Kiingereza hutumia vivumishi: “tired” ni aliyechoka, “tiring” ni kinachochosha. Vivyo hivyo, “interested” ni mwenye hamu, na “interesting” ni kinachovutia.

Kijana anayeomba kazi katika hoteli za Bamburi au Shanzu akiandika “I am interesting in this job”, atakuwa amejisifu kwamba yeye mwenyewe anavutia, ilhali alikusudia kusema kwamba anaitamani kazi hiyo. Aandike “I am interested”. Herufi chache tu zaweza kumfanya msomaji wa barua aitilie shaka elimu yake kabla hajamwona.