Hadhari ya Chombo katika Visiwa vya Lamu

Waandishi wengi waliozishika kalamu kueleza habari za visiwa vya Lamu wameelekea kwenye majumba ya mawe, milango ya nakshi, misikiti na mashairi, na hapana shaka kwamba mambo hayo yanastahili sifa yote yaliyopewa. Walakini mahali pa kazi palipowalisha watu wa Amu, yaani Lamu yenyewe, Shela, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini kwa karne nyingi palikuwa ni chombo cha bahari, nacho kimesifiwa kwa uzuri wake zaidi kuliko kwa nidhamu yake. Chombo ni ghala, jiko, karakana na malazi kwa pamoja, na ni mahali ambapo mtu hawezi kukimbilia nje hatari inapotokea, kwa sababu nje ni maji. Kwa hivyo wale waliofanya kazi humo walilazimika kuimaliza sehemu kubwa ya kujiokoa kabla hawajang'oa nanga. Matayarisho hayo ndiyo habari tunayokusudia kuieleza hapa, maana tunaamini kwamba ni elimu kamili, iliyojengwa na watu wengi kwa muda mrefu, na kwamba kupotea kwake kunatugharimu roho.

Katika vyombo vya kale vya visiwa hivi kilichopata jina kubwa ni mtepe, uliojengwa Pate, Siyu, Faza na katika visiwa vya Wabajuni, ukashonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, ukawa na tanga la mkeka la pembe nne, na shehena yake aghalabu ikawa boriti zilizokatwa katika mikoko. Asiyeujua huweza kudhani kwamba chombo kilichofungwa kwa kamba ni chombo dhaifu, ilhali ulegevu wake ndio uliokuwa kinga yake, kwani ulipogonga mwamba au kupwelewa juu ya fungu mbao zake zilinyumbuka pamoja na pigo, pale ambapo mbao zilizokazwa kwa misumari zingepasuka. Maarifa hayo hayakuwa ya Lamu peke yake. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi aliyeivuka Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliviona vyombo vya kushonwa katika bandari ya Aidhab, akaeleza kwamba vilipakwa mafuta, na kwamba yaliyo bora katika mafuta hayo ni ya papa, ili mbao zilainike na kuistahimili miamba mingi ya bahari ile. Na mafuta hayo ya papa, sifa, ndiyo yaliyopakwa vyombo vya pwani yetu pia.

Lakini mtepe ulivuja, na ulivuja sana, na waliousafiria hawakulificha jambo hilo wala hawakulionea haya, bali walilifanyia zamu: kukumba maji kulikuwa ni kazi ya safari nzima, usiku na mchana, na kamba zilizochoka zilikatwa na mahali pake pakashonwa upya kabla ya msimu mwingine kuingia. Sisi tunaona hekima kubwa katika desturi hiyo. Watu waliijua aibu ya chombo chao, wakaiwekea mtu wake na saa yake, wala hawakungoja maji yawafike magotini ndipo waulizane ni nani wa kuyatoa. Mtepe ulitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na baada yake jahazi la misumari ndilo lililobeba mzigo wote wa biashara ya visiwa.

Jahazi nalo lilikuwa na matunzo yake, na aliyetaka kuyashuhudia alikwenda Matondoni, kijiji cha mafundi kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Amu, ambako ujenzi na matengenezo ya vyombo ni urithi wa baba kwa mwana hata leo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine zote, chombo husogezwa juu ya ufuo, na maji yanapokupwa hutiwa magadi ili kisimame wima. Tumbo lake hukwanguliwa yote yaliyoota na kunata, kisha hupitishiwa moto wa makuti ili afe mdudu atoboaye mbao. Nyufa hutiwa kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta, ikagongwa kwa nyundo na patasi hata ikashika. Na mwisho sehemu ya chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, na sehemu ya juu ikapakwa sifa. Msafiri wa kigeni apitaye na kuvuta harufu ile huziba pua, lakini mwenyeji wa Matondoni huinusa na kujua kwamba chombo fulani kinakaribia kwenda safari. Kazi hii ilikuwa ya gharama na ya jasho, na mwenye chombo aliyeiruka kwa tamaa ya kubakisha fedha kidogo aliwaweka mabaharia wake rehani kwa mdudu.

Ndani ya chombo kila kitu kilikuwa na mahali pake, tena mahali pake palichaguliwa kwa ajili ya siku mbaya. Farumi ya mawe au mchanga ililazwa chini karibu na mkuku ili chombo kisipinduke, na upepo ulipozidi vifuko vya mchanga vilihamishwa upande wa joshini, upepo unakotokea. Katika mashua ubao mrefu ulitolewa nje ya ubavu, mabaharia wakaukalia na kukizuia chombo kisilale kwa uzito wa miili yao, jambo ambalo watazamaji wa mashindano ya mashua huliona siku hizi kama mchezo, ilhali asili yake ni haja. Tanga lenyewe huwezi kulipunguza likiwa limetwekwa, basi nahodha wa safari ndefu alichukua tanga zaidi ya moja, kubwa kwa upepo mwanana na dogo kwa upepo mkali, na kujua wakati wa kulitua lile kubwa kabla dhoruba haijafika kulikuwa ni nusu ya ustadi wake. Moto, ambao ni adui wa kila kitu cha mbao kilichokunywa mafuta, ulifungiwa katika sanduku lililojazwa mchanga, na hapo tu ndipo palipopikwa. Bildi ilikuwa tayari kwa kupima kina karibu na mafungu. Upo na ndoo zilikaa karibu na ngama, mahali maji ya mvujo yanapokusanyika, ili mkono uzipate hata gizani.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, kinga iliyozishinda zote ilikuwa ni kalenda. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta vyombo vya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huingia mnamo Aprili, hukaza Juni na Julai, hulegea kuanzia Agosti. Na baina ya pepo hizo mbili kuna siku za maleleji, ambazo upepo wake hauaminiki. Mwaka wa Hijra, ambao uliongoza funga na sikukuu za watu hawa wacha Mungu, husogea kila mwaka takriban siku 11, na hauwezi kumwambia baharia ni lini upepo utageuka, kwa hivyo mabaharia walihesabu siku zao kutoka Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua, wakazigawa katika miongo ya siku kumi kumi. Na mwenye kuijua hesabu ya miongo alijua ni lini aanze safari, ni lini awe ameshageuza omo kurudi kwao, na ni lini bahari imefungwa, asiiendee hata kwa ahadi ya faida. Kusi kuu, ile ya Juni na Julai, ilipofika vyombo vya safari za mbali vilikaa pwani, na miezi hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kwa kalafati na deheni, hata ikawa hatari ya bahari na matengenezo ya chombo vimefungamana katika mwaka mmoja wa kazi. Tusidhani kwamba kukaa pwani kulikuwa ni jambo jepesi kwa watu ambao wengi wao waliishi maisha ya kijungu jiko; lilikuwa ni zito, nao walilibeba, kwa sababu jamii nzima ililikubali na hapakuwa na mmoja aliyeachwa alipe peke yake bei ya tahadhari.

Baharini amri ilikuwa ya nahodha, chini yake serahangi, msimamizi wa mabaharia, kisha mshika sukani na mabaharia, na kila mmoja aliijua kamba yake. Lakini liko swali ambalo amri peke yake haiwezi kulijibu, nalo ni hili: chombo kimejaa boriti za matajiri wa mjini, dhoruba imekishika, na njia ya kuokoka ni kuitosa shehena; je, nani ana haki ya kuitosa, na nani atailipa? Swali hilo lilikuwa limekwisha jibiwa zamani, nchi kavu, katika vitabu vya fiqhi ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Lamu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliweka wazi katika kitabu chake cha Minhaj: chombo kikielekea kuzama yajuzu kuitosa shehena yake, na huwa ni wajibu kuitosa ikitumainiwa kwamba kwa hivyo abiria watasalimika, mwenye kuitosa mali ya mwenziwe bila ya idhini huwa na dhamana yake, na mtu akimwambia mwenziwe aitose mali yake naye atamlipa, ahadi hiyo imemfunga. Fikirini uzito wa jambo hilo. Wanazuoni waliokaa misikitini, mbali na mawimbi, walikata hukumu kwamba roho hutangulia mali, wakaigawa hasara kabla haijatokea, ili siku ya tufani mkono wa baharia usisite kwa kuogopa deni. Hatujui sheria nyingi za kazi, za kale au za sasa, zilizoingia ndani ya jambo kwa kina kama hicho.

Dua nazo zilikuwa ni sehemu ya matayarisho, wala si badala yake. Fatiha ilisomwa, sadaka ilitolewa, na baina ya mabaharia wa Bahari ya Hindi ilienea Hizbul Bahri, uradi wa Sheikh Abul Hasan al-Shadhili aliyefariki mwaka 1258. Lakini mtu aliyeisoma ndiye yule yule aliyekwisha tia kalafati, naye hakuona mgongano wowote baina ya ulimi uombao na mkono ugongao pamba.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje, na biashara iliyoyashughulisha majahazi ya Lamu ikapata pigo ambalo baada yake haikuinuka tena. Wakati huo injini zilikuwa zimekwisha anza kuchukua mahali pa tanga, na leo abiria wa Mokowe, Amu, Mtangawanda, Faza na Kizingitini husafiri kwa mashua za injini. Faida yake ni dhahiri, kwani mgonjwa hufikishwa hospitalini na mwanafunzi shuleni kwa muda ambao tanga lisingeuweza. Lakini injini imeivunja kalenda: mtu mwenye petroli haoni tena sababu ya kuiogopa kusi kuu, hutoka siku ambayo babu yake angebaki pwani, na uzito ambao zamani ulipimwa kwa jicho la nahodha aliyekijua chombo chake tangu kilipokuwa mataruma matupu hupimwa sasa kwa idadi ya nauli.

Matokeo ya kujaza chombo kupita kiasi yanajulikana katika bahari zetu zote. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka wakafa watu 272. Na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba kutoka Unguja na abiria wengi kuliko ilivyoruhusiwa, ilizama ikaangamiza mamia ya watu. Kila msiba ulifuatwa na vilio, kamati na ahadi. Kenya iliunda Mamlaka ya Bahari mwaka 2004 na Walinzi wa Pwani mwaka 2018, na sheria inataka maboya ya kujiokolea yawemo chomboni. Walakini boya lililofungwa chini ya mizigo halimwokoi mtu, kama vile upo uliosahauliwa nyumbani usivyokumba maji.

Pwani hiyo hiyo sasa ina mahali pa kazi papya. Tarehe 2 Machi 2012 uliwekwa msingi wa bandari kubwa ya Lamu, na gati lake la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Vijana wa visiwani wanaoajiriwa katika bandari za namna hiyo hufundishwa kuvaa kofia ngumu, kujua mahali pa kukutania moto ukizuka, na kufanya mazoezi ya kujiokoa. Hayo ni mema, nasi twayaunga mkono kwa dhati. Lakini waambiwe pia kwamba hawaanzi kujifunza jambo geni, na kwamba wazee wao waligawa zamu, wakaweka vifaa mahali pa kuonekana, wakafunga kazi siku ya hatari, na wakaamua kabla ya tufani kwamba shehena ndiyo itakayotoswa.

Basi twawaomba wenye mashua na manahodha wa Lamu, na serikali ya kaunti pamoja nao, wasikiache chombo chochote cha abiria king'oe nanga kabla watu hawajahesabiwa, watoto hawajavishwa maboya na ngama haijatazamwa. Na katika Juni na Julai, mzee aijuaye kusi akisema kwamba leo hapaendeki, safari ivunjwe na nauli irudishwe.