Sauti Zilizotangulia Violini

Kila picha za Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa zinapozunguka kwenye simu za watu hapa Kindu, maneno huwa yale yale: jamani, hata Wakongo wanapiga Beethoven! Mimi sishangai. Nimeimba alto katika kwaya ya parokia tangu nikiwa msichana wa shule, na kwa jinsi ninavyoijua historia yetu, cha kushangaza ni kwamba violini zilikawia kiasi hicho. Waimbaji walikuwepo zamani, tena walikwisha kufundishwa jukwaa.

Tuanze na reli, maana bila reli Kindu isingekuwa mji tunaoujua. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilitandika vyuma kila mahali mto Lualaba ulipokataa kupitika. Njia ya kuzunguka maporomoko, kati ya Ubundu na Kisangani, ilifunguliwa mwaka 1906; baada ya miaka michache ikaja yetu, Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Mizigo ilishushwa hapa kutoka garini na kupakiwa kwenye stima, na watu waliofuata mizigo wakajenga. Mwaka 1956 njia ya Kabalo hadi Kamina ikamalizika, na ghafla Kindu ikawa na reli moja na Katanga yote. Baba yangu, mtu wa reli, alikuwa akisema kwamba nyimbo za misa zilikuja Kindu kwa behewa, pamoja na magunia ya chumvi. Alitia chumvi na yeye, lakini kidogo tu.

Kwa sababu huko Kamina kulikuwa na jambo. Padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa amekusanya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, akawaita Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 wakaimba misa ambayo dunia iliijua baadaye kwa jina la Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, yale maombolezo ya Waluba yanayomtaja marehemu na ukoo wake, na Sanctus ilitoka kwenye wimbo wa kuagana. Hakukuwa na nota zilizoandikwa. Mwimbaji kiongozi alijua njia ya wimbo, mengine aliyapamba papo hapo, na kwaya ikamjibu. Mwaka huo huo walipelekwa Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, na sahani yao ikauzwa mpaka kwa watu wasiojua Kamina iko wapi.

Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulikuwa na Joseph Kiwele, aliyezaliwa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1912. Yeye aliandika. Alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa muziki, akatunga misa yake ya Katanga, na Katanga ilipojitenga ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa. Kwangu mimi hao wawili, mwimbaji wa Kamina asiyeandika na Kiwele anayeandika, ndio wazazi wa kwaya zetu zote za mashariki. Hata leo kiongozi wetu anakuja na daftari la herufi za do re mi, kila sauti na mstari wake. Halafu solo akifika mahali pa utamu anaangalia pembeni na kuimba anachotaka. Daftari linangoja.

Wakimbanguisti walipitia njia nyingine, ya machungu zaidi. Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lao, alihukumiwa kifo mwaka 1921, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na kutupwa mbali na kwao, wengine Lowa, ukishuka mto kutoka hapa Kindu. Kanisa lilitambuliwa na serikali Desemba 1959 tu. Watu waliokatazwa kukusanyika walibeba ibada yao kwa nyimbo, nyimbo ambazo wao wanasema hazitungwi, zinapokelewa. Walipopata uhuru wakaziundia vikundi, kila kimoja na kifupi chake: FAKI ni fanfari, GTKI ni kikundi cha tamthilia. Jirani yetu alipuliza tuba ya fanfari iliyokuwa imezibwa kwa risasi ya fundi wa redio; sauti mbili za chini zilikataa kutoka, naye alizikwepa kwa ustadi hata mgeni asingejua. Anayejiuliza orkestra ilipata wapi wapulizaji wake wa kwanza, na nidhamu ya kufanya mazoezi kila siku baada ya kazi, aanzie kwenye vifupi hivyo.

Ila shule kubwa ya jukwaa, tupende tusipende, ilikuwa ya Mobutu. Wazee wenzangu hawapendi kuisema. Miaka ya sabini kila ofisi, kila kampuni, reli ikiwemo, ilikuwa na kikundi cha "animation": kuimba na kucheza kwa kumsifu rais, kwenye mapokezi ya wakubwa na sikukuu za chama. Noeli iliacha kuwa siku ya mapumziko mwaka 1974, lakini siku za chama zilijaa. Mama yangu alikuwa solo wa kikundi cha reli. Namwona bado, kitenge chenye uso wa Mobutu kiunoni, akifanya mazoezi nyuma ya depo jua likiwa kali, na karani aliyeshika orodha ya waliochelewa. Aliyechelewa sana alijua mshahara wake utachelewa pia. Siwezi kusifu jambo hilo. Lakini pale mama alijifunza kuimba akitembea, kugeuka bila kupoteza pumzi, kushika sauti ya mwisho huku safu nzima inapiga magoti, na kumwimbia mtu aliye mwisho kabisa wa uwanja bila mikrofoni. Mwimbaji wa tamthilia ya muziki hufundishwa hayo hayo. Utawala ulipoyumba, wanawake wale wakarudi kanisani na miili iliyokwisha kujua jukwaa, na mapadri wakashangaa kwaya imepata wapi mwendo.

Orkestra yenyewe ilizaliwa Kinshasa mwaka 1994. Armand Diangienda, mjukuu wa Kimbangu, alikuwa rubani, akapoteza kazi, akaanza na watu wachache wanaopokezana violini chache. Waya ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Kwaya za kanisa zilikuwepo kwanza, na hapo ndipo ninapopata hoja yangu: walipofika kwenye Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ambayo bila waimbaji haimaliziki, kazi ngumu ya kwaya ilikuwa matamshi ya Kijerumani. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya Uingereza ikampa Diangienda uanachama wa heshima.

Huku kwetu miaka ya mwanzo ya orkestra hiyo ilikuwa ya vita. Kuanzia 1998 gari la moshi liliacha kufika. Tuliimba, lakini hakuna aliyeleta hata kamba ya gitaa.

Siku hizi mwimbaji ninayemfuata sana ni Serge Kakudji, mwana wa Katanga, mzaliwa wa Kolwezi mwaka 1982, mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu ya kontratena. Mwaka 2014, Vienna, alitoa onyesho la Coup Fatal pamoja na wanamuziki wa Kinshasa, Alain Platel akiongoza jukwaa. Handel na Vivaldi waliimbwa juu ya likembe na gitaa la umeme, nyuma yao pazia la maganda ya risasi alilolitengeneza Freddy Tsimba. Aria nyingi za Handel zina sheria moja: sehemu ya kwanza inarudiwa, na anayeirudia bila kuipamba anaonekana hajui kazi. Mwimbaji wa kasala angeielewa sheria hiyo bila kuelezwa.

Niliwaonyesha kwaya video moja ya Kakudji baada ya mazoezi. Wa besi walicheka kwanza; mwanamume, sauti ya mama! Halafu mmoja wao, fundi wa pikipiki, akaniomba nirudishe nyuma. "Yaya, huyu anapumua saa gani?" Tukarudia mara kadhaa, tukihesabu kwa vidole. Alikuwa akivuta pumzi mahali ambapo sisi tungekata neno. Jumapili iliyofuata fundi huyo alijaribu pumzi ile kwenye Gloria, akaishiwa katikati, tenori wakamwokoa. Sasa ameomba nafasi ya solo ya Pasaka, na kiongozi wetu amemwambia atampa kama ataacha kuchelewa.