Wimbo Ulifika Kabla ya Mwalimu: Elimu ya Muziki kutoka Unguja hadi Kamsamba

Simulizi mashuhuri la Unguja lasema kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alivutiwa mno na muziki wa Misri, akamtuma kijana aitwaye Muhammad Ibrahim aende Kairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kijana alisoma, akarudi, akawafundisha wenziwe. Mkondo huo ndio uliozaa vikundi vya taarabu vya Unguja, kikiwamo Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho kimevuka umri wa karne moja.

Habari hii hutajwa kila inapozungumzwa asili ya taarabu, na aghalabu hutajwa kama habari ya ala na nyimbo. Waama, ni habari ya elimu kwanza. Ndani yake mna mambo manne ambayo bila ya hayo hapana mwanafunzi wa muziki popote duniani: alikuwapo wa kulipa gharama, alikuwapo mwalimu wa kufundisha, alikuwapo mwanafunzi mwenye kipaji na hima, na palikuwapo pahala pa kurudi na kuutumia ujuzi. La nne ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Lau Muhammad Ibrahim angerudi asikute baraza la kumsikiliza wala vijana wa kuwafundisha, kanuni yake ingening'inia ukutani mpaka ikaliwa na mchwa.

Mizani hiyo ya mambo manne yafaa kupimia jambo la zama hizi, nalo ni masomo ya shahada ya ualimu wa muziki katika Tanzania. Na ili mizani isidanganye, ni vyema ipelekwe mbali na pwani, mahali ambapo hapakuwa na kasri wala sultani wa kutuma watu Kairo. Mahali hapo na pawe Kamsamba.

Kamsamba iko katika bonde la Ziwa Rukwa, kandokando ya mto Momba, nchi ya Wawanda, wenye kulima mpunga na kuvua samaki. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa pembe ya mbali ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Momba ilipozaliwa mwaka 2012, Kamsamba ikawa sehemu yake. Na mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Mji mkubwa wa jirani ni Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huingiza na kutoa watu wa kila kabila. Kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na Kamsamba iko ndani zaidi. Umbali huo si wa barabara tu. Katika habari ya elimu ya muziki una historia yake.

Asidhani mtu kwamba nchi hizo za mpakani zilikuwa zikingoja kuletewa muziki. Zaidi ya ngoma za jadi zilizokuwapo tangu na tangu, muziki mwingine ulipita huko bila ya kushikwa mkono na shule yoyote. Mfano wake mkubwa ni beni. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi: tarumbeta na ngoma kubwa, gwaride, sare na vyeo. Vita vya kwanza vya dunia vilipowakusanya maaskari na wapagazi kutoka kila upande, beni ikasafiri nao hadi bara ya mbali. Jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, upande wa pili wa mpaka kutoka nchi hizi za Rukwa. Baada ya vita, jamaa za beni zikaonekana katika Malawi na Zambia kwa majina mapya: mganda, malipenga, kalela. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Beni yafundisha jambo moja. Chama cha beni kilikuwa na kiongozi, mazoezi, nidhamu, madaraja ya kupanda, na mashindano ya kumpima kila mmoja. Hiyo ni shule kamili kasoro cheti. Mtu aliingia hajui kitu, akatoka anaweza kuongoza wenziwe. Hapana serikali iliyolipa, bali wanachama wenyewe walichanga. Kwa mizani ya Barghash, mambo yote manne yalitimia.

Shule ya pili ilikuwa ya misheni. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakafungua kituo Mbozi, katika nchi ya Wanyiha. Wakatoliki nao, kwa mikono ya Mapadri Weupe, walikuwa wameweka makazi yao Karema, ukingoni mwa Tanganyika, tangu 1885, wakaenea kuelekea Ufipa na Rukwa. Pamoja na vitabu vya sala ilikuja kwaya, na pamoja na kwaya ulikuja usomaji wa muziki. Wengi walianza na ule mtindo wa do, re, mi uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambao hauhitaji mistari mitano wala kinanda. Herufi chache ubaoni zatosha, na watu arubaini wakaimba kwa sauti nne. Mpaka leo mwalimu wa kwaya wa kijijini ndiye aghalabu mtu pekee pale anayeweza kuusoma muziki ulioandikwa.

Lakini elimu hiyo ilikuja na mgogoro wake. Lugha nyingi za Kibantu hupandisha na kushusha sauti ili kutenganisha maana, na tuni iliyotungwa kwa maneno ya Kijerumani haijui neno la Kibantu linapanda wapi na kushuka wapi. Miongoni mwa waliolitambua hilo mapema ni Franz Ferdinand Rietzsch, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi kusini magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1930, ambaye aliuchunguza muziki wa wenyeji na kutaka ibada iuchukue. Baadaye padri Stephen Mbunga, Mtanganyika, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1963 juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Huko Makumira, karibu na Arusha, mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa lahani ya Kihaya; wimbo huo umeingia katika vitabu vya nyimbo vya mataifa mengi. Kwa hiyo mwanazuoni wa muziki alikwishapatikana nchini. Ila alipatikana ndani ya kanisa, na alifundisha kwa ajili ya kanisa.

Serikali huru nayo iliutaka muziki, kwa sababu yake. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba waliosoma walifunzwa dansi za kigeni wakaziacha ngoma za kwao, na akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na wasanii wakubwa wakakusanywa. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, kwaya za shule zikawa sauti ya siasa: ziliimba mbele ya wageni, katika sikukuu za taifa na katika mashindano. Watoto wengi wa Tanzania waliimba katika miaka hiyo kuliko wakati wowote kabla yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro ambayo haikuonekana kwa sababu ya shangwe. Shule iliutaka wimbo, haikulitaka somo. Mwalimu wa hesabu mwenye sauti nzuri alipewa kwaya, akafundisha kwa kukaririsha, na mgeni akiondoka kazi ilikuwa imekwisha. Muziki haukuwa na kipindi cha hakika katika shule nyingi, wala kitabu, wala mtihani wa kuogopewa. Ulikuwa pambo, na pambo halihitaji mwalimu aliyehitimu.

Vyuo, hata hivyo, vilijengwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa, muziki na maonyesho kuanzia mwaka 1975. Kikundi cha ngoma cha taifa kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, na humo wakafundisha mafundi kama Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya ulimwengu; tangu 2007 chuo hicho ni wakala wa serikali, TaSUBa. Chuo cha ualimu cha Butimba, Mwanza, kikajulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa. Makumira, iliyokuja kuwa chuo kikuu, ikaanzisha shahada ya muziki. Visiwani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimefundisha udi, kanuni na fidla kwa nota na kwa sikio. Walimu, basi, wamekuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuwaunganisha na mtoto wa Kamsamba.

Majirani walijaribu kuijenga njia hiyo kwa namna nyingine. Makerere ilianzisha idara yake ya muziki, ngoma na drama mwaka 1971. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwanamuziki Washington Omondi, aliyekuwa mmoja wa kamati iliyoutengeneza wimbo wa taifa mwaka 1963 kwa lahani ya bembelezi ya Kipokomo, aliongoza tume ya rais ya muziki iliyoundwa mwaka 1982. Mfumo mpya wa elimu ulipoanza mwaka 1985, muziki ukatahiniwa katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa kitovu cha kuwaandaa walimu wake. Mtihani uliizaa haja ya mwalimu, na haja ya mwalimu ikaipa shahada thamani. Mitaala ilipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki ukaondolewa katika mtihani wa msingi, na mara moja shule nyingi zikakitumia kipindi chake kwa masomo mengine. Somo lisilo na mtihani ni mgeni asiye na mwenyeji.

Sasa arejewe kijana wa Kamsamba. Tuseme ni mwalimu wa kwaya, ana sikio, anasoma do, re, mi, na ameongoza sauti nne tangu akiwa kidato cha pili. Shahada ya ualimu wa muziki ina nguzo zake: nadharia na nota za mistari mitano, upatanisho wa sauti, historia ya muziki, upigaji wa ala, utafiti wa muziki wa jadi, mbinu za kufundishia, na mazoezi ya kufundisha shuleni. Katika baadhi ya nguzo hizo, sauti nne na muziki wa jadi, yeye amekwishatangulia mbele ya mtoto wa mjini aliyelelewa na redio. Lakini mlango wa chuo kikuu haumuulizi hayo. Wamuuliza ufaulu wa kidato cha sita, na katika shule nyingi masomo ya kidato cha sita hayana muziki ndani yake. Kipaji chake hakina pa kuandikwa katika fomu ya maombi.

Na akishapita, likabaki lile jambo la nne. Mwanachuo wa ualimu hupelekwa shule kufanya mazoezi. Akipelekwa shule isiyo na kipindi cha muziki, atafundisha somo lake la pili, Kiswahili au historia, na muziki atauonyesha jioni kwa kwaya. Akihitimu na kuajiriwa, mambo huenda yakawa hayo hayo. Chuo kitakuwa kimemsomesha muziki, na shule ikamwajiri kwa kingine.

Ndiyo maana mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023, yaliyoanza kutumika mwaka 2024, ni jambo zito kuliko linavyozungumzwa. Sanaa na Michezo imepewa jina lake katika shule za msingi, na muziki umepata nafasi katika sekondari, katika mkondo wa jumla na ule wa amali. Kwa mara nyingine karatasi imesema ndiyo. Historia yatahadharisha kwamba karatasi ilisema ndiyo mwaka 1962 pia, na shule zikajibu kwa kwaya ya wageni. Safari hii jibu litategemea vitu vidogo visivyo na shangwe: kipindi kinachoheshimiwa katika ratiba, mtihani unaotungwa na ajuaye, na njia ya kumpima mwombaji wa chuo kwa kumsikiliza akiimba na kumwona akiongoza, pamoja na vyeti vyake.

Hayo yakifanyika, shahada ya ualimu wa muziki itakuwa na maana hata kwenye ukingo wa mto Momba. Yasipofanyika, Kamsamba itaendelea kuimba kama ilivyoimba siku zote, kwa sauti nne na kwa ngoma, na vyuo vitaendelea kutoa wahitimu. Na kila upande utadhani kwamba muziki wa upande mwingine si kazi yake.