Makaa Yaliyozaa Sufuria

Karibuni katika darasa letu la historia, nanyi mliokusanyika Kinole na vijiji vingine vya Uluguru. Bibi zetu walipikia vyungu. Sisi twapikia sufuria za alumini. Leo tutaeleza makaa yaliyoleta mageuzi hayo.

Alumini imo kwa wingi ardhini, lakini imeshikamana sana na oksijeni. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliipata kidogo mwaka 1825, nayo kwa miaka mingi ikawa ghali mno. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mtu kwao, waligundua njia moja. Unga wa alumini na oksijeni huyeyushwa katika chumvi yenye moto wa digrii 960 hivi, kisha umeme hupitishwa kwa pande la makaa. Oksijeni huiacha alumini, hushika makaa, ikatoka kama hewa. Basi makaa huliwa: tani moja ya alumini hula kilo 400 hivi.

Ni makaa gani? Makaa ya mawe yana majivu mengi, nayo huchafua madini. Kwa hiyo viwanda vilichagua makaa ya mafuta, yaani masazo magumu yabakiayo baada ya kutoa petroli na mafuta ya taa. Lakini yakiwa mabichi hayapitishi umeme vizuri, lazima yachomwe.

Hapo mchoma mkaa wa Uluguru ataelewa upesi. Yeye hufunika magogo kwa majani na udongo ili hewa isiingie nyingi. Moshi hutoka, mkaa hubaki. Kiwandani tanuri ni bomba refu la chuma, limeinama kidogo, nalo huzunguka polepole. Joto hufika digrii 1,200 hadi 1,350. Mvuke hutoka, makaa hujikaza na kupitisha umeme. Kisha huchanganywa na lami, hufinyangwa, huokwa tena. Moshi wake una salfa; usiposafishwa hudhuru mapafu.

Je, kwetu? Mwamba wa alumini upo Magamba, Usambara. Mwaka 1960 kampuni ya Aluminium Africa ilianzishwa Dar es Salaam, lakini madini yenyewe yalitoka ng'ambo. Mitambo ya mafuta ya Changamwe, 1963, na Kigamboni, 1966, haikutengeneza makaa haya, nayo yote miwili imekwisha kuacha kusafisha mafuta. Huko Oman, waliko wengi wasemao Kiswahili, kiwanda cha Sohar kilianza kutoa alumini mwaka 2008. Tofauti ni nini? Mwamba peke yake si mali. Wahitaji umeme mwingi na makaa safi.

Kwa hiyo sufuria iliyotoboka usiitupe korongoni. Iuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kuiyeyusha upya hakuli makaa hayo, na hutaka kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu ya kutengeneza mpya.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini makaa mabichi huchomwa kwanza?
2. Kijijini kwenu, sufuria mbovu huenda wapi?