Kibo Katika Bamba la Shaba

Sisi wa Moshi tumezoea kuiona Kibo bure, asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Lakini je, ulishajiuliza watu wa Ulaya waliionaje kwanza?

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni, baada ya kupitia Marangu kwa Mangi Marealle. Kitabu cha Meyer kilitoka Leipzig mwaka 1890, na London kwa Kiingereza mwaka 1891. Baadhi ya picha zake zilichapwa kwa fotogravua, ufundi ambao Karel Klíč aliukamilisha Vienna mwaka 1879.

Kazi yenyewe ni ya mkono na si ya mchezo. Fundi ananyunyizia bamba la shaba unga laini wa utomvu mkavu, analipasha moto unga ushike. Juu yake anabandika utando wa jelatini uliokwisha pigwa mwanga kupitia picha, kisha anauosha kwa maji ya moto. Penye mwanga mwingi utando unabaki mnene. Penye kivuli unakuwa mwembamba. Halafu bamba linaingia kwenye kloridi ya chuma. Dawa inakula shaba: vivuli vinachimbika sana, penye mwanga haigusi sana. Wino unapakwa, unapanguswa, karatasi mbichi inagandamizwa kwa rola.

Sasa sikiliza: theluji ya picha ya namna hii haikuchorwa na mtu. Ni karatasi tupu, mahali ambapo dawa haikuuma.

Na kuna weupe mwingine. Kitabu kinamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki na wazungu wale kambi ya juu kwenye baridi kali. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama mwongoza njia, amebaki zaidi midomoni mwa watu. Kilele kikapewa jina la Kaisari Wilhelm, mtu ambaye hakukanyaga hata Marangu! Tukakiita Uhuru mwaka 1961.

Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imekwisha. Wino ule upo bado. Kwa hiyo picha hizo tusizitupe kwa hasira, ni ushahidi. Ila wazee wetu wanaojua majina ya wapagazi wanaondoka, na barafu haiwasubiri. Vijana wenzangu, daftari shilingi ngapi? Twende tukaandike.