Chan Chan: Mji wa Udongo

Hapa mjini Chan Chan ni Nik An, mojawapo ya kasri za wafalme wa Chimú, waliotawala pwani ya kaskazini ya Peru hadi Wainka walipowashinda karibu mwaka 1470. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani.

Tazama nakshi: samaki wamejipanga safu kwa safu, na mahali pengine ukuta umetobolewa mfano wa wavu wa kuvulia. Wachimú waliishi kwa bahari na kwa mifereji ya kumwagilia mashamba.

Mvua za El Niño humomonyoa udongo huu, ndiyo maana sehemu nyingi zimeezekwa. Tangu 1986 mji uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tafadhali usiguse wala kuegemea kuta.