Pumzi ya Kwanza

Habari za tumbaku zimeandikwa mara nyingi na watu wa aina mbili: wanaohesabu marobota na wanaohesabu wagonjwa. Ni nadra kukumbukwa mtu wa tatu, ambaye bila yeye hao wawili wasingekuwa na kazi. Namaanisha mwanagenzi, yule anayevuta kwa mara ya kwanza. Siku hizi mwanagenzi husimama mbele ya kabati la kioo katika duka la vifaa vya simu, akitazama sigara za umeme ambazo vijana huziita vepu, na swali lake ni moja tu: nianze na ipi? Ndugu msomaji, nathubutu kusema kwamba swali hilo ni kongwe kuliko betri, na kwamba katika kila zama limekwisha kujibiwa na mtu mwingine kabla mwanagenzi hajafungua kinywa.

Nianze na kwetu mlimani, kabla sijahamia huku chini kwenye mpunga wa Chekereni. Babu yangu alikuwa mtu wa ugoro. Alikausha majani yake mwenyewe darini, juu ya moshi wa jiko, akayasaga kwa jiwe na kuyachanganya na magadi, magadi yaleyale ambayo bibi alilainishia maharage. Kopo lake halikuwa siri, nasi wajukuu siku moja tulijichotea. Tulipiga chafya mpaka machozi yakatutiririka, naye akacheka, akalifunga kopo. Hakutufukuza wala hakutuhubiria. Ugoro wenyewe ulitufukuza.

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika baada ya safari za Columbus za mwaka 1492, ikasambaa pwani hadi bara, watu wakaipanda nyuma ya nyumba kama mboga. Katika namna za kale, yaani ugoro, kiko na ya kutafuna, ilikuwa kitu cha wazee, na sababu haikuwa heshima peke yake. Ilikuwa kali. Nikotini, ambayo ndiyo inayomfunga mtumiaji, ina tabia moja ambayo wazee waliijua kwa mikono bila kuijua kwa jina. Ukiichanganya na kitu chenye asili ya magadi, inakuwa huru, nayo inapenya upesi kwenye ngozi laini ya pua na ya shavu, lakini inachoma. Ukiichanganya na tindikali inatulia, haichomi sana, ila haipenyi upesi hapo kinywani. Naomba msomaji aiweke habari hiyo akilini, maana karibu yote yaliyofuata ni mchezo wa kati ya magadi na tindikali.

Mabadiliko makubwa yalitokea mbali na kwetu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, huko North Carolina nchini Marekani, mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa akilinda moto wa bani la bwana wake, akasinzia. Alipozinduka, moto ulikuwa karibu kuzimika, naye kwa haraka akatupia makaa ya mhunzi. Joto likapanda ghafla, na majani yakageuka rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo asili ya ile ambayo wakulima wetu huiita tumbaku ya mvuke, inayolimwa Tabora na Urambo, ambako ilishika baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kuanguka. Tumbaku ya mvuke hubaki na sukari nyingi, na moshi wake una tindikali kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuumeza hadi mapafuni. Moshi wa kiko wengi hawakuumeza. Waliuzungusha kinywani wakautoa. Moshi wa sigara huingia ndani kabisa, na kutoka mapafuni nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kama 10 hadi 20. Kitu kilichokuwa kipole kooni ndicho kilichokuwa na mkono mrefu zaidi.

Halafu ikaja mashine. Kijana James Bonsack alipata hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mashine yake iliweza kutoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku moja. Mfanyabiashara James Duke alianza kuitumia, na punde akawa na sigara nyingi kuliko wavutaji. Hapo ndipo mwanagenzi alipoanza kutafutwa kwa bidii. Mwaka 1902 makampuni ya Marekani na Uingereza yaliungana kuunda British American Tobacco ili kuuza nje ya nchi zao, na kufikia mwaka 1928 kiwanda kilikuwa kikifanya kazi Jinja, Uganda. Moshi hatukuwa mbali na njia hiyo. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imetufikia tangu mwaka 1911, na fedha ya kahawa ilianza kuingia mifukoni, hasa baada ya chama cha KNCU kuundwa mwaka 1933. Mtu aliyeuza kahawa alivaa kofia, akanunua baiskeli, na mfukoni mwa shati akaweka pakiti. Sigara ilikuwa cheti cha ustaarabu. Aina moja iliyotamba sana Afrika Mashariki iliitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Sijui kama yupo mwalimu wa michezo aliyeulizwa.

Nilipoingia chuo cha ualimu, miaka ya mwanzo ya Azimio, wakufunzi walivuta darasani, chaki mkono huu na sigara mkono ule, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 1967 Serikali ilikuwa imechukua hisa nyingi katika kampuni ya sigara, pamoja na ile ya bia, ya viatu na ya saruji, hivyo kuvuta ilikuwa kama kuchangia maendeleo. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilirudishwa mikononi mwa wageni, R. J. Reynolds wa Marekani, na mwaka 1999 ikaingia chini ya Japan Tobacco, shirika ambalo Serikali ya Japani yenyewe ina theluthi moja ya hisa zake. Sisi wa Chekereni tunaishi kwa mifereji ya umwagiliaji iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, nami huona ajabu kidogo kwamba maji na moshi vilitufikia kutoka nchi ileile. Si lawama, ni mshangao wa mzee.

Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilinyang'anya sigara nyingi kutoka mabwenini, na nikaona jambo ambalo halimo vitabuni mwa malezi. Vijana hawakuanza na kali. Wapya walikutwa na zenye ladha ya minti. Minti hupoza koo, na koo lililopozwa halikohoi. Sigara ya namna hiyo ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2020, takriban miaka 100 baadaye. Kijana wa kidato cha pili alidhani amechagua ladha. Kumbe alichaguliwa mlango.

Kichungi nacho kina historia hiyohiyo. Mwaka 1950 watafiti Doll na Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na katika muongo huohuo sigara zenye kichungi zikaenea, kisha zikafuata zile zilizoitwa laini. Watu wakahamia huko kwa kuogopa. Baadaye ikathibitika kwamba mvutaji wa sigara laini huvuta kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi mpaka apate nikotini aliyoizoea. Aliyetaka kutoka alionyeshwa chumba kingine ndani ya nyumba ileile.

Sasa tufike kwenye betri. Mmarekani Herbert Gilbert alibuni sigara isiyo na moshi wala tumbaku na kupata hataza mwaka 1965, lakini hakupata wa kuitengeneza. Mwaka 2003 mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mvutaji mwenyewe ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, alibuni kifaa kinachogeuza maji yenye nikotini kuwa mvuke. Nia yake, kwa maelezo yake, ilikuwa kuacha. Vifaa vya kwanza vilikuwa na nikotini huru, na kiwango kikizidi vilichoma koo, hivyo watu walitumia kidogo. Mwaka 2015 kampuni ya Juul ya Marekani ikafanya kinyume cha babu yangu. Badala ya magadi ilitia tindikali ya benzoiki, nikotini ikawa chumvi, na koo halikulalamika tena hata kiwango kilipofika takriban miligramu 59 kwa mililita moja. Ulaya haziruhusiwi kuzidi 20. Ongeza ladha ya embe, na mwaka 2019 zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu za Marekani walisema wanatumia sigara za umeme. Wengi wao hawakuwa na sigara ya kuacha.

Magadi nayo hayakusahauliwa. Mwaka 2019 viliingia sokoni Kenya vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, bila jani la tumbaku. Ndani ya vifuko vya namna hiyo huwekwa vitu vya jamii ya magadi ili nikotini ipenye ufizi. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilisema usajili wake haukufuata sheria. Mimi niliposoma habari hizo nililiona kopo la babu, ila safari hii limepakwa minti na halipigishi chafya.

Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara za umeme pamoja na shisha. Sisi sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule wa Hon Lik. Inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, jambo jema, lakini ilitungwa na watu ambao akilini mwao walikuwa na jani, karatasi na kiberiti.

Haya yote si mazungumzo ya barazani tu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, dereva wa malori yanayobeba mpunga, mvutaji wa pakiti nzima kwa siku tangu ujana wake, alinijia mwaka jana.

"Shikamoo mwalimu. Nataka kuacha sigara, nianze vepu. Wewe unasoma mambo. Ninunue ipi?"

Nilimwambia kwanza, mwanangu, angekuwa mwanao anayeuliza, jibu langu lingekuwa fupi: hakuna ya kwanza. Kwa asiyevuta haina faida hata moja. Lakini wewe unavuta, na kwako hesabu ni nyingine. Moshi wa kitu kilichoungua una sumu nyingi kuliko mvuke huo, na mapitio makubwa ya tafiti, yale ya Cochrane, yameonyesha kwamba vifaa vyenye nikotini viliwasaidia watu kuacha sigara zaidi ya vibandiko na ubani wa nikotini. Ila havijaishi miaka ya kutosha kutuonyesha mwisho wake, na Shirika la Afya Duniani halivisifu. Kwa hiyo nenda hospitali kwanza, uulize kama kuna dawa au ushauri. Ukiona ni lazima kifaa, usichanganye hiki na sigara, kwani hapo utakuwa umeongeza, hujapunguza. Usinunue kisichoandikwa kiasi cha nikotini. Mwaka 2019 Marekani watu waliugua mapafu, na kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, waliokufa wakiwa 68, wengi wao kwa maji ya bangi ya kununua mitaani yaliyotiwa mafuta yasiyostahili. Na hayo maji uyaweke mbali na watoto, maana yakinywewa ni sumu.

Alisikiliza kwa adabu, kofia mkononi, kisha akacheka. "Mwalimu, mimi nilidhani utaniambia rangi."

Baada ya wiki mbili alipita na lori, akasimama barabarani bila kuzima injini. Alikuwa amekwenda mjini, akamwuliza muuzaji kiasi cha nikotini kilichomo. Kijana yule aligeuza boksi huku na huku, akalitazama upande wa chini, kisha akamsomea jina la tunda. Hakununua. Mfukoni mwa shati, pakiti yake ilikuwa palepale.